Tokeni: Kibali cha Saa Moja



Mteja yuko Kisumu, duka liko Mombasa. Ameona viatu kwenye tovuti ya duka, amechagua saizi, ameandika namba yake ya simu, amebonyeza palipoandikwa "Lipa". Baada ya sekunde chache simu yake inawaka. Ujumbe wa M-Pesa umejitokeza kwenye kioo, una jina la duka na kiasi anachodaiwa, unamtaka aweke PIN yake. Anaiweka, anakubali, pesa zimekwenda. Wanaofanya kazi hii huuita STK Push, na Wakenya wengi wameshalipa kwa njia hiyo bila hata kujua jina lake.

Leo nataka tuingie ndani ya zile sekunde chache. Kabla simu ya mteja haijawaka, seva ya duka imeshatuma ombi kwa seva ya Safaricom, kampuni inayoendesha M-Pesa: mdai mwenye namba hii kiasi hiki, pesa ziingie kwenye namba yetu ya malipo. Sasa Safaricom imejuaje kwamba aliyeomba ni lile duka la Mombasa? Tovuti haina sura ya kutazamwa wala kitambulisho cha taifa cha kuonyesha. Mtu yeyote mwenye kompyuta na intaneti, awe Nakuru au awe ng'ambo, anaweza kuandika ombi lile lile, herufi kwa herufi, na kulituma.

Kinacholitambulisha duka ni tokeni.

Najua wengi wenu tokeni mnayoijua ni ya umeme, na naomba tuanzie hapo hapo kwa sababu tofauti iliyopo ni kubwa na ina faida kuielewa. Tokeni ya umeme ina tarakimu 20, na imetengenezwa kwa ajili ya mita moja tu. Jirani akiinakili ujumbe wako hawezi kuwasha taa zake kwa tokeni hiyo. Hata wewe mwenyewe ukishaiingiza mara moja, mita yako haiipokei tena. Hii ninayoizungumzia leo haina mita. Ni mfuatano wa herufi na tarakimu, na kompyuta yoyote itakayoushika na kuutuma itahudumiwa, mara mia au mara elfu, mpaka muda wake uishe. Wataalamu huiita tokeni ya mbebaji. Seva haimuulizi aliyeibeba ameitoa wapi. Akiwa nayo, amekwisha kuwa mwenyewe.

Karibu kila nitakalosema leo linatoka hapo.

Mwaka 2017 Safaricom ilizindua Daraja, jukwaa linalowaruhusu wasanidi programu kuunganisha mifumo yao na M-Pesa kwa njia ya API. Kwa asiyeijua, API ni anwani na taratibu zilizotangazwa, ambazo programu ya mtu mmoja huzifuata inapotaka programu ya mwingine imfanyie jambo. Unajisajili kwenye tovuti ya Daraja, unasajili programu yako, na unapewa vitu viwili: ufunguo wa mteja na siri ya mteja. Mteja anayesemwa hapo ni duka lenyewe, maana ndilo linalohudumiwa na Safaricom. Yule mnunuzi wa viatu hahusiki. Ufunguo unalitaja duka ni lipi, na siri inathibitisha kwamba kweli ndilo.

Vitu hivyo viwili havitumwi kwenye kila ombi la malipo. Hutumwa mahali pamoja tu, kwenye anwani ya kuombea tokeni. Programu ya duka inaviunganisha kwa nukta mbili katikati, inavigeuza kwa utaratibu uitwao Base64, inatanguliza neno Basic, kisha inaviweka kwenye kichwa cha ombi, sehemu iitwayo Authorization. Kila ombi la wavuti lina kichwa, penye maelezo kuhusu ombi lenyewe, na mara nyingi lina kiwiliwili, penye shughuli inayoombwa. Safaricom ikiridhika inarudisha jibu fupi sana lenye mambo mawili: tokeni yenyewe, na muda wake wa kuishi. Muda huo huandikwa 3599. Hizo ni sekunde. Saa moja kasoro sekunde moja.

Kuanzia hapo, kila ombi la kumdai mteja linabeba tokeni. Kwenye kile kichwa, sehemu ile ile ya Authorization, sasa linaandikwa neno Bearer, nafasi moja, kisha tokeni. Ukisahau ile nafasi, au ukinakili tokeni ikaja na mstari mtupu mwishoni, utaambiwa kwamba tokeni si halali, na unaweza kuhangaika usiku kucha ukidhani tatizo liko kwenye ufunguo wako. Nawaambia vijana wanaoanza: kabla hujaandika barua ya malalamiko, ichapishe ile sehemu nzima ya kichwa kwenye kompyuta yako mwenyewe, uitazame kwa macho, herufi ya kwanza hadi ya mwisho.

Nirudi kidogo kwenye Base64, maana imewaponza wengi. Kwa kuwa matokeo yake hayasomeki kwa haraka, watu hudhani ni usimbaji wa siri. Siyo hata kidogo. Ni njia ya kuandika data yoyote kwa herufi za kawaida, na yeyote anaweza kuirudisha ilivyokuwa bila ufunguo wowote. Hati rasmi ya intaneti inayoeleza utaratibu huu wa Basic, RFC 7617 ya mwaka 2015, ina mfano wa mtumiaji aitwaye Aladdin ambaye nywila yake ni yale maneno ya kufungulia pango. Waliosoma Alfu Lela Ulela wataona mara moja kwamba hadithi mbili zimechanganywa, maana pango ni la Ali Baba na Aladdin ana taa yake. Lakini mfano unafaa, kwa sababu hati yenyewe inakiri wazi kwamba njia hii peke yake si salama. Kinachoilinda siri ya duka isisomwe njiani ni HTTPS, ule usimbaji unaofunika mawasiliano yote kati ya seva mbili. Ukiondoa HTTPS, umeitangaza siri yako kwa kila aliye njiani.

Basi mtu atauliza, kwa nini hatua mbili? Kama siri ya duka inatosha kuthibitisha duka, kwa nini isitumwe tu kila mara, tukaachana na tokeni?

Kwa sababu kitu kinachosafiri kila dakika hupita mikono mingi. Kinapita kwenye kumbukumbu za seva, kwenye vyombo vya kukagua hitilafu, kwenye kioo cha kijana anayerekebisha tatizo usiku huku mwenzake akitazama. Siku moja kitavuja. Kikivuja kile cha saa moja, umepoteza saa moja. Ikivuja siri yenyewe, umepoteza duka mpaka siku utakapogundua, na huenda usigundue kwa mwaka mzima. Ndiyo maana siri hutoka nje mara chache, na kazi ya kutembea barabarani huachiwa kitu ambacho kifo chake kimeshapangwa.

Mambo hayakuwa hivi zamani, na hiyo zamani si mbali. Katikati ya miaka ya 2000, tovuti mpya ya kijamii ikitaka kukusaidia kuwapata marafiki zako, ilikuomba nywila ya barua pepe yako. Ndiyo, nywila yenyewe. Unaiandika, tovuti inaingia kwenye barua pepe zako kana kwamba ni wewe, inachukua orodha ya anwani. Kilichoizuia kusoma barua zako zote, au kuibadilisha ile nywila ikakufungia nje, ni uungwana wa wenyewe tu. Na ukitaka kuinyang'anya ruhusa, dawa ilikuwa moja: kubadilisha nywila, na hapo kila programu nyingine uliyoipa inakatika pia.

Kundi la wasanidi programu, akiwemo Blaine Cook aliyekuwa Twitter wakati huo, ndilo lililokaa mwaka 2007 kuandika utaratibu wa pamoja wa kutatua jambo hili. Toleo la kwanza la utaratibu huo, ulioitwa OAuth, likakamilika Desemba mwaka huo. Wazo lake lilikuwa kwamba mwenye akaunti anaithibitisha nafsi yake pale pale anapoaminiwa, kisha programu ya nje inapewa tokeni badala ya nywila. Twitter ikaifungia kabisa njia ya nywila kwa programu za nje mwishoni mwa Agosti 2010. GitHub, mahali ambapo wasanidi wengi duniani huhifadhi kazi zao, ilichukua muda mrefu zaidi: tangu Agosti 13, 2021 haipokei tena nywila ya akaunti mtu anapotuma kazi yake kwa Git, chombo cha kutunzia historia ya msimbo. Inataka tokeni, ama ufunguo wa aina nyingine.

Toleo la pili la OAuth, ambalo ndilo Daraja na wengi wengine wanalifuata leo, lilitoka Oktoba 2012, na lilitoka kwa ugomvi. Katika toleo la kwanza, kila ombi lilitiwa sahihi ya kihesabu kwa kutumia siri ambayo haisafiri. Mtu akiinasa tokeni bila ile siri, hana alichopata. Lakini kuitengeneza sahihi ile kulikuwa kazi ngumu. Kosa dogo la kupanga herufi lilitosha ombi kukataliwa. Toleo la pili likaziacha sahihi, likaitegemea HTTPS, likakubali tokeni ya mbebaji. Eran Hammer, aliyekuwa mhariri mkuu wa kazi hiyo, alijiuzulu Julai 2012 na kutaka jina lake liondolewe kwenye hati. Kulegezwa huko kwa usalama kulikuwa miongoni mwa malalamiko yake.

Nani alikuwa na haki? Kwa maoni yangu, Hammer na wale walioziacha sahihi wote walikuwa na sehemu ya haki, na dunia ilichagua urahisi. Bila urahisi ule, msichana anayejifunza programu Eldoret kwa kompyuta ya kuazima asingeweza kuunganisha duka la mjomba wake na M-Pesa mchana mmoja. Hilo ni jambo kubwa na silidharau. Ila gharama ya urahisi haikufutika. Ilihamia kwa mwenye kutunza tokeni, na wengi wa wanaotunza hawakuambiwa kwamba wamekabidhiwa mzigo huo.

Tutazame tukio moja kwa karibu, maana ndani yake mna ubaya na uzuri wa tokeni kwa pamoja.

Septemba 2018, Facebook ilitangaza kwamba washambuliaji wamechukua tokeni za watumiaji wake. Facebook ilikuwa na sehemu iliyokuwezesha kuutazama ukurasa wako kama mtu mwingine anavyouona: nikitaka kujua shemeji yangu anaona picha zipi, najifanya shemeji kwa muda. Kwa kawaida ukurasa huo ni wa kutazama tu. Lakini kwenye kisanduku cha kuwatakia watu heri ya siku ya kuzaliwa, kile chombo cha kupakia video kilijitokeza mahali ambapo hakikutakiwa kuwepo. Chombo hicho, kilichobadilishwa Julai 2017, kilikuwa kinatengeneza tokeni ya programu ya simu ya Facebook, nalo lilikuwa kosa la pili. La tatu ndilo lililomaliza mchezo: tokeni iliyotengenezwa haikuwa ya yule anayetazama. Ilikuwa ya yule anayeigizwa. Nikijifanya shemeji, nakabidhiwa tokeni ya shemeji, nayo iko wazi ndani ya ukurasa.

Makosa matatu madogo, kila moja peke yake lisilo na makali. Kwa tokeni ya shemeji, washambuliaji waliingia kwake, wakaigiza marafiki zake, wakapata tokeni zao, na kuendelea hivyo hivyo kutoka rafiki hadi rafiki kwa programu iliyofanya kazi yenyewe. Awali kampuni ilisema akaunti zilizoguswa ni karibu milioni 50. Baadaye ikasema waliochukuliwa tokeni hasa ni kama milioni 30. Desemba 2024 mamlaka ya ulinzi wa data ya Ayalandi ikaitoza Meta, kampuni mama, faini ya euro milioni 251 kwa tukio hilo.

Hakuna nywila iliyovunjwa hata moja. Uwe na nywila ya herufi 40, uwe na uthibitisho wa hatua mbili, vyote hivyo hulinda wakati wa kuingia. Tokeni ni ushahidi kwamba umekwisha kuingia, na mwenye kuishika hana haja ya kupita pale ulipoweka walinzi wako.

Upande wa pili wa tukio hilo hausimuliwi sana. Facebook ilizifuta tokeni za akaunti milioni 90, wale milioni 50 na wengine milioni 40 kwa tahadhari. Watu walijikuta wametolewa kwenye akaunti zao, wakaingia upya, na haikuwalazimu kubadilisha nywila. Kila tokeni iliyokuwa mikononi mwa wezi ikawa herufi tupu. Jaribu kufanya hivyo kwa nywila za watu milioni 90! Huo ndio uzuri wa kukitenganisha kitu kinachokutambulisha wewe na kitu kinachosafiri kwa niaba yako.

Sasa nirudi kwetu, niseme linaloniuma.

Tunao vijana wengi hodari sana wa kuandika programu, na maduka, saluni, shule, vyama vya akiba na hata makanisa na misikiti vinawategemea kuunganisha malipo. Lakini siri za mteja zinatembea ovyo. Mtu anapata hitilafu, anapiga picha ya kioo, anaituma kwenye kundi la WhatsApp lenye mamia ya watu akiomba msaada, na kwenye picha ile ufunguo, siri na tokeni vyote vinasomeka. Tokeni itakufa ndani ya saa. Siri haifi mpaka uibadilishe. Waliopo kwenye kundi wanasaidia kwa moyo mmoja, nami sina shaka na wema wao, lakini picha ile imekaa kwenye simu za watu ambao huwajui.

Wengine huweka siri ndani ya programu ya simu yenyewe. Wanadhani kwa kuwa programu imeshafungashwa na kupelekwa dukani Google Play, kilichomo ndani kimefichika. Faili la programu ya Android hufunguliwa kwa zana za bure, na maneno yote yaliyoandikwa ndani hutoka yakasomwa. Siri ya mteja mahali pake ni kwenye seva ya duka. Simu ya mnunuzi iongee na seva ya duka, na seva ya duka ndiyo iombe tokeni na kuongea na Safaricom. Inaongeza kazi, ndiyo. Hakuna njia ya mkato hapo.

Na wengi zaidi huacha siri ndani ya msimbo wanaoupandisha GitHub. Watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina State walichapisha mwaka 2019 utafiti uliokuta hazina za msimbo zaidi ya 100,000 zilizo wazi kwa umma zikiwa na funguo na siri za namna hii, na maelfu ya siri mpya zilikuwa zikivuja kila siku. Hata hazina iliyofungwa si salama. Mwaka 2016 wavamizi walipata funguo za Uber za kuingilia hifadhi ya data kutoka kwenye hazina binafsi ya kampuni hiyo huko GitHub, na wakaondoka na taarifa za abiria na madereva milioni 57. Kampuni ililitangaza jambo hilo Novemba 2017 tu, mwaka mmoja baadaye.

Kwa hiyo kijana wangu, siri ikae kwenye faili la mazingira la seva, na Git iambiwe ilipuuze faili hilo kabla hujapandisha chochote. Na kama umeshapandisha, kufuta ule mstari hakukusaidii, kwa sababu Git hukumbuka kila kilichowahi kuandikwa. Kilichobaki ni kuingia kwenye tovuti ya mtoa huduma, kuibatilisha siri ile na kuchukua mpya. Fanya hilo kwanza. Uchunguzi wa nani alaumiwe utafuata, na naomba usiwe wa kumfukuza kijana, maana mwenzake akiona aliyesema ukweli amefukuzwa, yeye ataficha la kwake.

Kuhusu ile saa moja. Wako wanaoomba tokeni mpya kwa kila mteja anayelipa. Inafanya kazi, lakini umeirudisha siri barabarani kila mara, na siku ya wateja wengi unampigia mtoa huduma maombi mara mbili ya inavyohitajika. Wako wengine wanaoichukua tokeni asubuhi wakati wa majaribio, wanaibandika kwenye msimbo, wanafurahi malipo yanapita, na saa moja baadaye duka limesimama. Njia iliyonyooka ni kuomba moja, kuandika imepatikana saa ngapi, kuitumia kwa wote, na kuomba nyingine dakika chache kabla haijaisha. Na programu iwe tayari siku seva ikiikataa kabla ya wakati. Kwenye wavuti kuna majibu mawili yanayofanana ambayo hupaswi kuyachanganya: 401 maana yake sijakutambua, na 403 maana yake nimekutambua lakini hili huruhusiwi. Ukipata 401, omba tokeni mpya ujaribu tena mara moja. Ukipata 403, hata ukiomba tokeni mia jibu halibadiliki. Ongea na mtoa huduma kuhusu ruhusa zako.

Kuna jambo moja ambalo hata wazoefu hulisahau. Tokeni inalithibitisha duka kwa Safaricom. Lakini habari kwamba mteja amelipa hurudi kwa njia nyingine: ile seva ya Safaricom ndiyo inayokuja kubisha kwenye anwani uliyoitoa, ikikuletea matokeo kwa namba. Sifuri, amelipa. 1032, mteja amekataa. Na hapo tokeni yako haikusaidii kitu, kwa sababu sasa wewe ndiye unayebishiwa. Mjanja akiijua anwani ile, anaweza kuandika habari yake mwenyewe kwamba viatu vimelipiwa, na programu isiyouliza ikatoa risiti na mzigo ukapakiwa. Anwani hiyo iwe ngumu kubahatisha, ikubali wanaotoka kwenye seva za mtoa huduma pekee, na kabla ya kutoa mzigo wa maana, chukua tokeni yako uende wewe mwenyewe kuuliza hali ya muamala ule. Daraja ina anwani maalumu ya kuulizia. Itumie.

Je, tokeni itaendelea kuwa mali ya yeyote anayeishika? Kuna juhudi za kulibadilisha hilo. Septemba 2023 ilitoka RFC 9449, utaratibu uitwao DPoP, unaoifunga tokeni kwenye ufunguo wa siri ulio ndani ya kifaa cha mwenyewe. Kwa kila ombi kifaa kinatia sahihi mpya kwa ufunguo huo. Mwizi akiichukua tokeni peke yake, haimfai. Wanaofuatilia wataona kwamba zile sahihi zilizoachwa mwaka 2012 zimerudi kwa sura nyingine, safari hii zikiwa nyepesi kuandika. Ningependa sana kuona huduma za pesa za Afrika Mashariki zikiwa za mbele kuzipokea, kwa sababu hapa kwetu kinachopita kwenye API ni karo ya mtoto na pesa ya dawa.

Na wewe msikilizaji ambaye huandiki programu, nawe una tokeni zako. Kila mara ulipobonyeza "Ingia kwa Google" kwenye mchezo wa simu au tovuti ya kazi, kuna kitu kilitolewa kwa jina lako, na kabla ya kutolewa uliletewa ukurasa unaotaja ruhusa zinazoombwa. Wengi tunaupita haraka. Programu inayotaka kujua jina lako na barua pepe ni jambo la kawaida. Ya kuhariri picha inayotaka kusoma barua pepe zako zote, hiyo jiulize. Na tofauti na ile ya Daraja, hizi nyingine mara nyingi huja na tokeni ya pili ya kuhuisha, ambayo huiwezesha programu kujipatia mpya kila ya zamani inapoisha, hata ukiwa umelala, hata ukiwa umeshaifuta programu kwenye simu.

Ruhusa hizo zinaonekana. Fungua akaunti yako ya Google, nenda sehemu ya usalama, utafute orodha ya programu na huduma za watu wengine zilizounganishwa na akaunti yako. Utakutana na majina uliyoyasahau. Ligonge jina moja, soma limeruhusiwa nini, na kama hulihitaji tena, ondoa muunganisho. Nywila yako inabaki ile ile, programu nyingine zinaendelea kama kawaida, na ile moja inakatika.